Kata Kutoka Nyuma

Kinyozi alikuwa amepiga magoti sebuleni kwa wakwe zake, kisu mkononi, na hakujua anakata nini.

Alijua anakata wapi, basi. Ubao ulilala kifudifudi juu ya shuka. Baba mkwe alikuwa ameshautoboa kwa drili: tundu moja la fimbo ya kuongozea, sita ya vitufe. Upande wa chini alikuwa amebandika picha aliyoichora mwenyewe, ya kupamba mashine ya michezo ya video iliyosimama pembeni kama kabati lisilo na mlango. Kilichobaki ni kuikata karatasi hiyo kwa kufuata ukingo wa kila tundu.

"Kata kutoka nyuma," mzee alikuwa ameagiza. "Kwa mbele itachanika. Kwa nyuma, mbao yenyewe inakifunza kisu adabu. Usiugeuze mpaka umalize. Na mabaki usitupe."

Hilo la mabaki lisingemshangaza yeyote. Mzee hakutupa hata msumari uliopinda.

La kushangaza lilikuwa kisu chenyewe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; kinyozi alikuwa na miaka mitatu katika ukoo huu na mzee bado alimwita Mgeni. "Karibu, Mgeni." "Mgeni ameshakula?" Alipewa kiti kizuri na kikombe chenye kisahani. Mashemeji zake walitumwa, walitukanwa, walifukuzwa mezani. Yeye hakuwahi hata kukoholewa. Leo, kwa mara ya kwanza, alikuwa ametumwa.

"Unanyoa watu kutwa na hujarudi na sikio la mtu," mzee alimwambia. "Tuone."

Basi alikata kama anayezunguka sikio la mtoto anayelia: kisu wima, pumzi ndani, mkono umetulia, ubao ndio unaozungushwa. Viduara vya karatasi vilibaki chini kwenye shuka, migongo yake myeupe juu. Alipomaliza cha mwisho, aliugeuza ubao.

Ilikuwa picha ya familia. Wote walikuwepo, wamependeza, wamesimama mbele ya nyumba hii hii, na hakuna aliyekuwa na uso. Mama mkwe alikuwa tundu lenye kilemba. Shangazi alibaki hereni. Mzee mwenyewe alikuwa shati la bluu na tai, na juu ya tai hamna kitu. Kingo zote zilikuwa safi kama za kiwandani.

Mtu mmoja tu alikuwa mzima, pembeni kabisa, akitabasamu kama siku ya harusi yake. Kinyozi alijitambua.

Mkewe aliingia na maji ya kunywa. Akatazama.

"Mimi ni yupi?"

"Wa gauni la njano."

"Umenikata kichwa, mume wangu."

"Nimefuata matundu ya baba yako!"

"Na wewe ukajiruka?"

"Sikujiruka. Hapo pangu hapakuwa na tundu."

"Vizuri," mkewe alisema, akijiziba mdomo kwa kiganja. "Kamwambie shangazi hivyo hivyo."

Kinyozi alipima mambo yalivyo. Matundu ametoboa mzee. Picha amebandika mzee. Lakini kisu kilikuwa mkononi mwa Mgeni. Alifikiri kujitoboa na yeye, angalau asionekane ana upendeleo. Nyuma ya uso wake mbao ilikuwa nzima.

Mlango ukafunguka. Aliingia mzee, mama mkwe nyuma yake.

Mzee alichuchumaa. Alipitisha kidole kwenye tundu lililokuwa mama mkwe, akauzunguka ukingo wote taratibu. Akafanya hivyo kwa kila mmoja.

"Baba, naomba nieleze..."

"Mabaki yako wapi?"

Kinyozi alionyesha shuka. Mzee akachomoa mfukoni vitufe vya plastiki angavu, akafungua vifuniko, akatia uso mmoja chini ya kila kifuniko, akavipachika: tak, tak, tak. Uso wake mwenyewe akaubandika juu ya kirungu cha fimbo. Familia ikarudi, imevimba kidogo.

Halafu akaanza kuwajaribu. Alimgonga shemeji mkubwa kwa kidole gumba. Shangazi alimgonga mara mbili.

"Mimi ni wa nini?" mama mkwe aliuliza.

"Kuruka. Mjomba ni teke. Huyu binti yako ni ngumi."

"Hebu nipishe nimsalimie wifi yangu," mama mkwe alisema, akamkandamiza shangazi kwa kiwiko.

Wakapokezana, wakicheka. Kinyozi aliutazama uso wake pale pembeni, mzima, unatabasamu, hauguswi na mtu.

"Na mimi, Baba?"

Vidole vikaacha kugonga.

"Mgeni hapigwi," mzee alisema.

Alipitisha kidole tena kwenye ukingo mmoja. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kitufe cha saba, na kwa mkono wa pili akaivuta drili.

"Shika ubao vizuri, mwanangu," alisema, akaiweka ncha katikati ya lile tabasamu la harusi.