Kindi Aliyezima Kila Moto

Moto mdogo wa kiangazi, ule unaotambaa chini ya misonobari na mialoni ya mlimani ukila majani makavu, ulimuua mtoto wa Kindi. Tangu hapo, kila moto ulipoingia, Kindi aliuzima kwa mchanga.

"Dada, uache upite," alisema Fuko, anayeishi chini ya ardhi. "Majani yameshaziba mlango wangu. Ipo siku yatawaka yote kwa pamoja."

"Wewe hujazika mtoto. Usinifundishe."

Fuko akarudi shimoni mwake. Kindi akazaa tena, akawalea wanawe juu kabisa ya msonobari mrefu. Huku chini, majani na vijiti vikavu vikalundikana hadi kugusa matawi.

Kiangazi kimoja radi ikapiga. Safari hii moto haukutambaa, ulipanda. Kindi aliporudi kutoka mtoni, msonobari ulikuwa kigogo cheusi, na kiota hakikuwepo.

Mvua ikanyesha, mialoni ikachipua mashinani. Nyasi zikaota, zikakauka, na moto mdogo ukaja tena. Fuko alimwona Kindi ameshika mchanga, akiutazama moto. Kisha Kindi akaumwaga mchanga chini, akasogea kando.

"Pita," akauambia moto. "Sina tena wa kumficha."