Faili Lililogoma

Kila alipolibofya faili lile kwa mkono, lilifanya kazi. Kisakinishi, yaani programu ya kuingiza nyingine kwenye kompyuta, kilipotakiwa kuliita, kimya. Na bado ujumbe wa "Usakinishaji umekamilika" ulitokea bila haya, kama mtoto anayeapa ameoga huku miguu imejaa vumbi.

Fundi alifuta miwani kwa pindo la gauni, akacheka peke yake. Faili la amri la mistari michache, na tangu jana asubuhi lilikuwa linamchezea shere.

Lilikuwa la mwalimu mmoja aliyeomba msaada kwenye jukwaa la mafundi mtandaoni. Alitaka kuweka masomo katika kompyuta za shule. Programu ikishaingia, faili hilo liyapange masomo mahali pake. Mafundi wengine walimrushia nadharia. Yeye peke yake ndiye aliyemwandikia: "Nitumie kifurushi chote, nijaribu kwangu." Ndivyo alivyofundishwa: usibishane na kosa ambalo hujaliona kwa macho yako.

Aliyemfundisha ni mumewe. Kazi alimfundisha kwa upole. Mengine alimfundisha kwa mkanda. Akimwita Konokono, kwa kuwa mkewe hakuwahi kuacha tatizo njiani, hata kama ni kulifikia kwa kutambaa. "Ukinikimbia nitakupata," alimwambia siku moja, huku akivaa mkanda wake taratibu. "Na siku hiyo hutatembea tena."

Alikimbia. Alibadili namba ya simu, akajipa jina la kubuni, akajificha kwa Bibi, shoga wa marehemu mama yake, katika nyumba ambayo mumewe hakuwahi hata kuisikia.

Bibi alitokea na kikapu mkononi, akachungulia kioo cha kompyuta, ambacho pembeni mwake kitaa cha kipaza sauti kilikuwa kikiwaka tangu jana.

"Bado unalibembeleza hilo dubwana?"

"Nimelikaribia, Bibi. Mwalimu wa watu anasubiri."

"Mbona hata hakuhimizi?"

"Yuko safarini. Anajibu akipata nafasi."

"Haya, mimi naenda dukani. Leo tunagongaje?"

Walibadili namna ya kugonga mlango kila siku, na Bibi ndiye aliyeufurahia zaidi mchezo huo. Alifikiri kidogo, macho yakamng'aa.

"Leo nagonga chini, kwa kiatu, kama mbuzi asiye na adabu. Atakayegonga juu kwa mkono, awe hata malaika, wewe hupo."

"Mbuzi anapiga mara ngapi?"

"Tatu. Wa mara nne ana wazimu."

Walicheka. Fundi alimsindikiza, akashindilia komeo la juu na la chini, akarudi mezani.

Akaliona. Folda ilikuwa na jina la maneno mawili, na mwandishi wa faili hakulizungushia alama za kunukuu. Kompyuta ilisoma neno la kwanza, ikadhani ndiyo mwisho wa njia, ikakata tamaa. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Ajabu ni kwamba sehemu nyingine zote zilikuwa safi, kazi ya mkono uliobobea.

"Hata mpishi hodari husahau chumvi," alijisemea.

Aliweka alama mbili, akaanzisha kisakinishi upya. Dirisha jeusi likafumbuka, likafumba. Masomo yote yakakaa mahali pake.

Alipiga kofi moja dogo, kisha akaona aibu ingawa hakuna aliyemwona. Ilikuwa zamani sana tangu amfae mtu. Akaandika: "Mwalimu, limepona! Zilikosekana alama za kunukuu tu. Wasalimie wanafunzi."

Chini ya mlango, kiatu kiligonga. Mara tatu.

"Mbuzi kasahau pesa!" aliita akicheka, akaenda mbio. Akavuta komeo la juu. Akainama, akavuta la chini.

Nyuma yake kompyuta ililia. Huku mkono ukiwa kwenye kitasa, na mlango umeshaanza kusukumwa, aligeuza shingo asome jibu la mwalimu.

"Asante, Konokono."