Nukta Mbele ya Hama

Lori lilishawashwa, magodoro yamefungwa juu kwa kamba, watu wa mtaa wa Kihoto wamebanana nyuma, na Owuor bado yuko ndani ya ofisi ya shamba la maua pale Kamere, ameinamia kompyuta. Ilikuwa Januari ile ya 2008, ya fujo za baada ya uchaguzi.

"Baba Awino, wanakuacha!" Hemali, fundi wa kompyuta, alimwita kutoka mlangoni.

"Wangoje. Nimekuja kumchukua Sally."

Sally ni marehemu mkewe, aliyekufa akimzaa Awino. Picha zake zilikuwa humo, kwenye folda ya Owuor. Zile za ukutani ziliungua na nyumba.

Lakini mkono ulikuwa unamwasha kulipiza. Siku ya moto alibisha geti la shamba hili, Awino mgongoni, kaka yake mkononi. Surjit mwenye shamba akachungulia dirishani, akavuta pazia. Na sasa oda zote za Surjit, waridi lote la Valentine, zilikuwa kwenye mashine hii hii, folda ya jirani.

"Ile hama yako inafanya bado?" akauliza. Hama ni programu ndogo aliyowaandikia Hemali makarani kama Owuor: unaiita, inakutoa kwenye folda yako, inakupeleka kwenye ya Surjit.

"Inafanya. Lakini anza na nukta. Bila hiyo nukta mbele, inaenda peke yake, inarudi, na wewe uko pale pale ulipokuwa."

"Wewe nawe! Nukta ya kuanza? Nukta ni ya kumaliza, hata watoto wa nasari wanajua."

Hemali akacheka, akaenda kumbembeleza dereva.

Owuor akaandika hama, akaacha nafasi, akapiga nukta mwishoni. Kompyuta ikamjibu: Umefika kwa Surjit.

"Eh, nimefika. Leo vuta pazia nione."

Akaandika amri ya kufuta kila kitu, akaigonga kama mtu anayeua nyoka. Ikafuta kimya kimya, bila hata kumuuliza mara mbili.

Ndipo akachomeka flashi, amchukue Sally waende.

Waridi la Surjit lilisafiri kwa wakati, likauzwa lote. Hemali alipewa kiti cha Owuor. Owuor alifika Kisumu na watoto wawili na flashi tupu: hama ilienda peke yake ikarudi, na folda aliyoifuta ilikuwa yake mwenyewe. Awino bado huuliza mama alifanana na nani, na babake humwambia ajitazame kwenye kioo.