Bafle ya Kushoto

"Ya kushoto imekatala tena," Lusenge alisema, akarudi chini ya meza na bisibisi yake.

Mkewe Falonne alisimama pale na sahani ya bugali na sombe ya majani ya muhogo, akangoja. Jana jioni yeye mwenyewe aliyasikia yale maboksi mawili ya sauti, zile bafle, yakiimba mpaka wapita njia wakapunguza mwendo. Leo boksi moja lilikuwa kimya.

"Papa Élysée, ukae kwanza, ule," akamwambia mumewe, kwa jina la mtoto wao.

"Nikimaliza."

Mashine yenyewe ilikuwa ya kuokoteza. Kicheza santuri alikipata Kanyabayonga, kuku alikuwa ametagia juu yake. Ampli ya zamani ya kukuza sauti, yenye mbao ubavuni na vifungo vya chuma vya kuzungusha, aliibembeleza kwa fundi mmoja wa Beni aliyekuwa anafunga duka. Maboksi ya zile bafle aliyapiga mwenyewe kwa mbao za kabati lao la harusi, na Falonne akanuna juma zima. Moto wa kuiendesha ulitoka kwenye betri ya gari. Watu wa mtaa walimcheka sana: nani huko Butembo bado anahangaika na vyuma hivi, na muziki wote wa dunia unakaa kwenye simu?

Wacheke tu. Mama yake alikuwa na santuri za rumba za ujana wake, amezifunga kwenye kitenge chini ya kitanda tangu mashine ya marehemu mumewe ilipokufa. Siku alipopelekwa Beni kupasuliwa, alimshika mwanawe mkono akamwambia, "Nikirudi, nisikie hata moja." Na leo ndiyo ilikuwa siku ya kurudi. Dada yake Lusenge alikuwa amepata gari la kumleta. Kwa hiyo mashine ilibidi iimbe, hakuna cha kesho.

Lusenge hakuwa na raha hata kidogo. Alitoka chini ya meza, akakisogeza kiti cha mama katikati ya bafle mbili, akakirudisha nyuma, akakisogeza tena. Alipangusa santuri ambayo ilikuwa safi. Kila gari lililopanda kilima lilimwinua kichwa. Barabara ya Beni, na waviziaji wake wenye bunduki, unaijua mwenyewe: hupumui mpaka wako wamefika.

Wageni walikuwa wameanza kuja asubuhi. Wa kwanza alikuwa Mama Berthe, jirani wa ukuta kwa ukuta, na mzigo wa kuni mgongoni, kamba imembana kwenye paji la uso. Aliutua jikoni, akampita Lusenge bila yale maneno yake mengi ya kila siku. Baadaye wakaja wa kanisa na mabenchi. Wakaja wamama na unga na maharagwe, sufuria kubwa likapandishwa motoni. Ni haki yake kabisa. Mama mzee akitoka hospitali, mtaa mzima unampokea, sivyo?

"Lete téléphone nikuwekee ku chaji," Falonne alisema.

Simu ilikuwa imejaa chaji. Lusenge akampa, hakuuliza kitu.

Kisha akaingia Kahongya, mdogo wa marehemu baba yake Lusenge, kutoka Musienene. Huyu mzee huwa haachi viazi vyake hata kwa harusi. Ndiye aliyekuwa bingwa wa kuicheka ile mashine, lakini leo aliitazama tu, akavuta benchi.

"Lusenge, mwana wangu, waya zitangoja. Kuja ukae hapa karibu yangu."

"Baba mudogo, Mama hawezi kuingia kama nyumba iko kimya. Mais sasa nitafanya nini?"

Kahongya akaangalia viatu vyake.

Katekista naye akajaribu. "Tuombe kidogo, wote tukae."

"Muombe tu. Mungu anasikia hata mutu mwenye iko chini ya meza."

Hilo lilimuuma katekista, lakini hakumkemea. Akatoka uani, na wazee wakaanza kunong'onezana. Mwishowe walimtuma Ézéchiel, fundi wa redio, rafiki wa Lusenge tangu shule. Jana wawili hawa walikuwa wameifunga mashine pamoja, wakapigana makofi mgongoni kama watoto. Ézéchiel aliingia chini ya meza kwa magoti, akapitisha kidole kwenye waya, taratibu, kutoka kwenye ampli mpaka kwenye bafle ya kushoto. Hakufika mbali.

"Lusenge," akanong'ona, "hii waya haikukatika. Mutu aliichomoa."

"Najua."

"Nani?"

"Ni mimi. Asubuhi, wakati Mama Berthe alileta kuni." Lusenge aliongea akiangalia sakafu. "Mutu mwenye anapona, banamuletea kuku. Kuni ya nini? Kuni ni ya kilio. Donc basi nikaichomoa. Ukiirudisha, muziki itaimba. Ikiimba, sitakuwa tena na kazi. Nitakaa. Na nikikaa, mutaniambia Mama alishakufa."

Ézéchiel alikuwa ametumwa na wazee wote kuja kulimaliza jambo hili. Machozi yalimtoka, akayaacha.

Viatu vya Kahongya vikatokea mlangoni.

"Ézéchiel, iko namna gani huko chini?"

Ézéchiel akanyoosha mkono nyuma ya ampli, akaishika waya ya kulia, akaichomoa nayo.

"Bado, Papa," alisema. "Sasa zote mbili zimeharibika. Hii kazi itatukamata mpaka jioni."