Mwani wa Makusudi

Skrubu ya tatu ya grili ya dirisha ilipotoka aliitia mdomoni, maana mikono yote ilikuwa na kazi. Akashuka kwenye stuli, akaliziba tundu kwa sabuni ya kipande, kisha akakimbilia tangi la samaki na kumwaga humo kijiko kizima cha chakula. Samaki wenyewe wawili tu, wa njano, na walishashiba tangu asubuhi. Chakula hakikuwa chao. Kilikuwa cha mwani.

Tangi lilijengwa ndani ya ukuta, kati ya jikoni na chumba cha mama mkwe. Maji ya chumvi, mawe, samaki, na upande wa pili, macho. Akipika anatazamwa. Akikaa anatazamwa. Bibi wa watu kakaa kitini nyuma ya maji, kimya, macho kodo. Miezi kumi tangu harusi, hawajasalimiana ana kwa ana hata mara moja.

"Mama hakupendi," mume alimwambia siku ya kwanza. "Ana mlango wake wa nje, na chakula chake nampelekea mwenyewe. Wewe mwache. Lakini ujue anakuona, na kila kitu ananiambia."

Na kweli mume alikuwa akiambiwa. "Leo umesimama dirishani sana," alikuwa akisema anaporudi saa kumi jioni, hata viatu hajavua. Ni kweli alisimama. Sasa mtu aliyefungiwa ndani kutwa, simu kanyang'anywa, ufunguo uko mfukoni mwa mwingine eti kwa usalama, asimame wapi?

Mwani ulianza kidogo tu, madoa ya kijani kwenye pembe za kioo. Mume akamleta fundi wa matangi, mzee mcheshi anayeongea bila kupumua.

"Shemeji, nisikilize vizuri. Chakula kidogo. Taa saa nane kwa siku, basi. Maji yakipungua ongeza haya ya kwenye dumu, yamechujwa. Ya bomba usithubutu. Ukikosea hayo matatu utalima bustani humu, mpaka msionane!"

Alimsikiliza vizuri. Hajawahi kumsikiliza mtu hivyo maishani mwake.

Tangu siku ile, mume akishafunga mlango tu, yeye anawasha taa. Maji ya bomba akayatia kwa jagi. Siku nyingine aliikuta taa inawaka tayari, akajilaumu kwa kusahau kuizima. Kopo la chakula, lililokaa juu ya mfuniko wa tangi katikati ya pande mbili, liliisha kabla ya siku zake. Na mwani ukaja. Loo, ulikuja! Kwanza utando, halafu nyuzi, halafu zulia. Wiki mbili tu kioo kizima kikawa kijani, na hata yeye mwenyewe aliishangaa kasi yake. Yale macho yakapotea. Siku hiyo ndipo alipochukua kisu cha siagi, akapanda stuli na kuanza kuchokonoa rangi iliyoganda juu ya skrubu za grili ya dirisha.

Mume alifoka. "Unasugua kweli wewe?"

"Nasugua mpaka bega linaniuma. Unarudi tu."

"Wewe una sumaku yako ya kusugulia kioo, mama ana yake. Watu wazima wawili mnashindwa na ukoga!"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Upande wa mama mkwe sumaku haikusogea hata siku moja. Uvivu wa uzeeni, alijisemea, Mungu amzidishie.

"Basi," mume akasema, "kesho fundi anakuja. Anamwaga maji yote, anasugua pande zote mbili. Nataka mama aone vizuri."

Usiku ule hakulala. Skrubu moja ilikuwa imebaki, na kesho ndiyo siku yenyewe.

Asubuhi mume alitoka na kufunga mlango. Fundi ataletwa saa nne. Alipanda stuli. Skrubu ya nne ilikuwa na kutu, haitaki. Kisu kikateleza, kikamchana kidole. Akageuka kulitazama tangi: kijani, kijani tupu.

"Usinione leo tu, mama," akanong'ona. "Leo tu, halafu tazama mpaka uchoke."

Akakaza meno, akasukuma kwa nguvu zake zote. Ikalegea. Akaizungusha kwa vidole vyenye damu mpaka ikatoka, akaishusha grili sakafuni polepole kama mtu anayelaza mtoto, akajipenyeza dirishani. Paja lilikwaruzwa, gauni likachanika, akaangukia nje. Jua! Alitamani kucheka na kulia kwa pamoja.

Lakini kushoto palikuwa na ukuta mrefu. Njia ya kwenda getini ilikuwa moja tu, kulia, chini ya dirisha la mama mkwe.

Akalala kifudifudi, akatambaa. Roho iko mkononi. Alipofika chini ya lile dirisha alisikia sauti ya chuma ikikwaruza chuma, kisha vumbi la rangi likamwangukia kichwani. Kwisha habari yake. Ameonekana. Akainua uso taratibu, tayari kuomba.

Grili ya dirisha ilikuwa inaning'inia kwa skrubu moja. Nyuma yake mama mkwe alikuwa amesimama juu ya kiti, mkononi kashika kijiko kilichopinda.

Alipomwona mkwewe, kijiko kilimponyoka. Akatema skrubu tatu kiganjani ili aweze kusema.

"Mwanangu, nakupigia magoti. Usimwambie."