Mwimbaji wa Chumba Namba Tisa

Hodi ya tatu nayo haikujibiwa. Jemima akausukuma mlango kwa kiwiko, maana mikono yake ilikuwa imebeba mashati matatu meupe yaliyotoka kupigwa pasi, akaingia chumba namba tisa.

Maxwell alikuwa ameketi dirishani, amempa mgongo, gita pajani. Zile nywele zilizokuwa zikimwangukia mabegani hazikuwapo tena. Palibaki upara na shingo iliyokunjamana.

"Mashati yako," akasema Jemima.

Hakugeuka.

Basi ndiyo ukubwa huo. Siku ya nne hii tangu aletwe Diani na watu wa kamera kutoka Nairobi, na hoteli nzima ilimzungumzia yeye tu. Wageni walikuwa wameadimika tangu vurugu za mwaka uliopita. Wafanyakazi wengi walikuwa wamerudishwa makwao, na chumba cha dobi kilikuwa kimebaki mikononi mwa Jemima peke yake. Miguu ilimvimba kila jioni. Alilala amechoka, akaamka amechoka. Na sasa mwanamuziki huyu wa roki, aliyevuma hadi Ulaya, amekuja kupigwa filamu ukumbini akiimba nyimbo za kale za watu wengine, zile za dansi taratibu za enzi ya wazee wetu.

"Mbona haimbi zake mpya?" Alfani wa jikoni aliuliza siku ya kwanza.

"Zimemwishia," mwenzake akajibu, wakacheka.

Jemima hakucheka. Mwaka wa sabini na tatu alikuwa binti wa mkata miwa kule Ramisi, na Maxwell alikuwa kijana wa kutoka bara aliyepiga gita kila Jumamosi katika ukumbi wa kiwanda cha sukari. Aliondoka kwa ahadi ya miezi mitatu. Jemima aliihesabu ile miezi mpaka akachoka kuhesabu.

Sasa alisimama katikati ya chumba, akashukuru kwamba mtu yule hakugeuka. Usoni asingeweza kumwambia.

"Mimi ni Jemima wa Ramisi," akaanza. "Sikuja kukudai kitu. Nataka ujue tu. Uliniacha na mimba. Nilijifungua mtoto wa kiume, nikampa jina la baba yangu, Tembo. Alikuwa na vidole virefu kama vyako. Alijitengenezea gita la debe na waya wa breki ya baiskeli, akatupigia kelele kutwa kucha. Akiulizwa baba yake yuko wapi, alijibu, yumo kwenye redio."

Akayakumbatia mashati kifuani.

"Alipotimiza miaka tisa akashikwa na homa. Tulimbeba kwenye kitanda cha kamba kwenda hospitali Msambweni. Tulifika amekwisha kufa, Maxwell. Mwanao amekufa."

Miaka ishirini na mitano alikuwa akimpangia maneno, na yalikuwa mafupi hivyo. Katika mfuko wa sare yake alikuwa na picha ya mtoto, aliyopigwa studio Msambweni mwaka mmoja kabla ya ile homa. Ilikuwa moja tu duniani. Alikuwa amekusudia kumwachia.

Maxwell alitikisa kichwa polepole, kiganja kimelala juu ya ubao wa gita. Kisha akageuka kuchukua kikombe chake cha chai, akamwona, akatabasamu.

"Ah! Asante, mama," akasema, kwa sauti kubwa kuliko haja. "Yaweke tu hapo kitandani."

Akaligeukia dirisha.

Jemima aliyaweka mashati. Alishuka ngazi akiwa ameshika ukuta, akaenda moja kwa moja hadi kwenye tanuri la kuchemshia maji ya kufulia. Akaitoa ile picha. Mtu ambaye moyo wake haukushtuka kwa kifo cha mwanawe atafanyia nini sura yake? Na yeye mwenyewe je, ataibeba mpaka lini? Akaitupa motoni, akaitazama ikijikunja, ikawa nyeusi, ikawa si kitu. Kisha akarudi kwenye pasi.

Alasiri akaitwa apeleke shati kavu ukumbini. Alisimama kando ya kamera akisubiri. Jukwaani Maxwell alikuwa peku juu ya mbao, macho kwenye mguu wa mpiga ngoma. Griffin, kijana mwongozaji wa filamu, aliinua vidole vitatu, viwili, kimoja, na mzee akaanza kuimba. Ilikuwa sauti ileile ya Ramisi, imechakaa kidogo tu. Wimbo ulikuwa wa mtu aliyemngoja mpenzi wake stesheni, na treni zikapita zote. Jemima alihisi machozi yakimshuka, akayaacha.

Ulipokwisha, Griffin akapunga mikono yote miwili kumsimamisha mzee, kisha akamgeukia Jemima.

"Pole, mama. Wimbo umekugusa?"

"Si wimbo," akasema Jemima. "Mzee wenu ana moyo wa jiwe. Asubuhi nimesimama nyuma yake nikamweleza jambo ambalo hata adui angenipa pole. Akaniambia niweke mashati kitandani."

Griffin alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Akatazama huku na huku, akamwinamia sikioni.

"Jambo hili tumewaficha watu kwa ajili ya filamu, mama, kwa hiyo tafadhali ibaki kati yetu," akanong'ona. "Mwaka wa sita huu mzee hasikii hata radi. Ukiwa na neno naye, mwandikie."