Kijiko cha Pilau

Shuaib aliomba kijiko, na papo hapo mama yake akajua kuwa kidole kimevunjika. Tangu lini mwana wa Mombasa, hata huku ughaibuni, akala pilau ya mama yake kwa kijiko?

"Lete mkono."

Kidole cha shahada kilikuwa kimevimba kama ndizi kisukari, ukucha mweusi tii. Mpira wa kriketi ni jiwe lililovishwa ngozi, alishamwonya.

"Leo ndiyo wanachagua timu ya jimbo, mama, hapo uwanja wa Grand Prairie. Nitavaa glavu. I'll be fine."

"Glavu haiungi mfupa. Ukipigwa tena, mkono huo utabaki pambo."

"Najua."

Mama akaona amtege. "Haya, kula kwa mkono huohuo. Ukiimaliza sahani, nakupeleka uwanjani mwenyewe. Ukishindwa, tunakwenda hospitali."

Shuaib alipiga bismillahi. Tonge la kwanza lilimwagika. La pili alilibana, jasho likamtoka puani, akalifikisha mdomoni bila kupiga kite. Akachota la tatu.

Hapo ndipo mama alipoogopa kwelikweli. Akamsogezea kijiko.

"Basi, mwanangu. Basi."

Shuaib alikisukuma kando, akachota tena.